Povu Lilitoka Wapi? Sabuni, Salfeti na Uso wa Mtoto Wako

Kama unasoma mazungumzo haya kijitabuni badala ya kuyasikia redioni, vuta kigoda uketi. Leo tunaanza na beseni.

Mimina ndani ya beseni maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, yale yenye chumvichumvi ambayo wengi wetu Kitui na Makueni huyategemea mvua ikikatika. Chukua kipande cha sabuni ya kufulia, sugua. Unasugua, unasugua, na povu halitoki. Badala yake unaona utando mweupe ukielea juu kama maziwa yaliyokatika, na ukimwaga maji, ukingo wa beseni unabaki na mstari wa ukoko. Sasa teka maji mengine ya kisima kile kile, utie tone la sabuni ya maji ya kuoshea uso, ile ya chupa yenye picha ya msichana anayetabasamu. Koroga kwa kidole. Povu linafura mpaka linataka kumwagika.

Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kitu kimoja ndani ya chupa, nacho kinaitwa salfeti. Akina mama wananiuliza maswali mawili kuhusu kitu hicho. Wa kwanza anasema, "Mtoto wangu akioshwa nayo uso unakauka na kuwasha, kwa nini?" Wa pili ananong'ona, "Ni kweli inaleta saratani?" Nitawajibu wote wawili, lakini lazima nipitie historia kidogo, kwa sababu salfeti haikutengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu yeyote, sembuse wa mtoto.

Sabuni yenyewe ni ya zamani sana. Ukichukua mafuta, ya mnyama au ya mmea, ukayachemsha pamoja na maji makali yaliyochujwa kwenye majivu, unapata sabuni. Watu waligundua jambo hilo maelfu ya miaka iliyopita, ila hawakujua sababu yake. Aliyeeleza ni Mfaransa mmoja, Michel Chevreul, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1823. Mafuta, alisema, yamefungwa kwa gliserini. Maji ya majivu huyafungua, na kile kinachobaki kikishikana na chumvi ya majivu ndicho sabuni.

Hapo pwani yetu inaingia katika hadithi. Viwanda vya sabuni vya Marseille, Ufaransa, vilihitaji mafuta mengi kuliko mizeituni yao ilivyoweza kutoa. Kuanzia katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa mji huo walikuwa wakija Zanzibar na Lamu kununua mbata na simsim. Nazi ya mwambao ikasafiri hadi Ulaya, ikakamuliwa, ikawa sabuni. Baadaye, mwaka 1911, iliundwa kampuni ya kuchimba magadi katika Ziwa Magadi, ambalo halipo mbali sana na Makueni ukivuka Kajiado, na magadi ni mojawapo ya vitu vinavyohitajiwa na viwanda vya sabuni na vya vioo. Kwa hiyo mama, mnazi wa Kilifi na magadi ya bonde letu ni jamaa wa karibu wa sabuni iliyo jikoni kwako. Waswahili wenyewe neno "sabuni" walilipata kwa Waarabu.

Sasa nieleze sabuni inavyofanya kazi, halafu tutarudi kwenye historia.

Umewahi kuona viluwiluwi, wale watoto wa chura katika maji yaliyosimama? Wana kichwa na mkia. Chembe ya sabuni ina umbo kama hilo, lakini ndogo mno, haionekani kwa macho. Kichwa chake kinapenda maji. Mkia wake unachukia maji na unapenda mafuta. Ukiosha sahani iliyoliwa nyama, mikia yote inajichoma ndani ya mafuta huku vichwa vikibaki nje majini. Chembe nyingi zikilizunguka tone la mafuta namna hiyo, tone linang'oka kwenye sahani na kuelea, limevikwa vichwa pande zote. Ukimwaga maji, linakwenda nayo. Usoni ni vivyo hivyo: vumbi la njia ya shule limeshikwa na mafuta ya ngozi, na mafuta yakitoka, vumbi halina pa kushika.

Kasoro ya sabuni ya kawaida ni kichwa chake. Maji ya visima vyetu yana chokaa na magnesiamu, vitu ambavyo maji huvichukua yanapokaa ndani ya miamba. Chokaa ikikutana na kichwa cha sabuni, inakikamata, na viwili hivyo vinageuka ukoko usioyeyuka. Huo ndio utando mweupe tuliouona. Mpaka chokaa yote iishe, povu halitoki, na kumbe umemaliza nusu ya kipande cha sabuni uliyoinunua kwa taabu. Ukitumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati utashangaa povu linavyotoka upesi. Hata maji yanayochotwa kwa kufukua mchanga wa mito kama Tiva au Thwake mara nyingi si magumu kama ya visima virefu. Nyanya zetu walilijua hilo bila kusoma kemia.

Haya, turudi Ulaya. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza ziliwafungia Wajerumani njia za bahari. Mafuta yakawa haba, na yaliyopatikana yalitakiwa mezani. Sabuni ikakosekana. Wakemia wa Kijerumani wakatengeneza kitu cha kuoshea kutokana na lami ya makaa ya mawe, wakakiita Nekal. Hakikuosha vizuri sana, lakini kilionyesha kwamba sabuni si njia ya pekee. Baada ya vita wenye viwanda vya nguo waliendelea kulalamika juu ya ule ukoko, maana ulikuwa ukiharibu rangi za vitambaa. Katika miaka ya 1920, mkemia Heinrich Bertsch na wenzake katika kampuni moja ya mji wa Chemnitz wakapata dawa: waligeuza mafuta kuwa pombe ya mafuta, wakaiunganisha na asidi ya salfa, kisha wakaipoza kwa magadi. Mkia ukabaki wa mafuta kama zamani, ila kichwa kikawa kipya. Kichwa hicho ndicho salfeti, na chokaa haikiwezi.

Mwaka 1932 bidhaa yao ya kufulia nguo laini, Fewa, ilianza kuuzwa Ujerumani. Marekani ilifuata mwaka 1933 kwa sabuni ya unga iitwayo Dreft, na mwaka 1934 kwa sabuni ya nywele ya maji iitwayo Drene. Angalia safari yenyewe, mama: kiwanda cha vitambaa, beseni ya nguo, halafu kichwa cha mtu. Usoni ilifika baadaye.

Mafuta yaliyofaa kuliko mengine kwa kazi hiyo yalikuwa ya nazi na ya kokwa za michikichi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni ya aina yenye mkia wa urefu wa kaboni kumi na mbili, na urefu huo ndio unaotoa povu jingi kuliko mingine. Kitu kinachopatikana kinaitwa sodiamu lauri salfeti. Kwenye chupa huandikwa kwa Kiingereza, maneno matatu yanayoanza na herufi S, L na S, na mara nyingi hufupishwa hivyo hivyo: SLS.

Watu waliipenda mara moja. Lakini Drene ilipotoka tu, wanawake waligundua kwamba nywele zao zimekuwa safi kupita kiasi. Zilikauka, zikakosa mng'ao, kwa kuwa ile dawa iliondoa uchafu na mafuta ya nywele yenyewe pia. Watengenezaji wakalazimika kutafuta vitu vya kuilainisha. Malalamiko ya mwaka 1934 na malalamiko ya yule mama wa kwanza aliyeniuliza juu ya uso wa mtoto wake ni yale yale.

Ngozi ya juu imejengwa kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe ngumu zilizokufa, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta maalumu ya ngozi. Ukuta huo unazuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. SLS haijui mafuta yapi ni ya uchafu na yapi ni ya ukuta. Inabeba yote. Tena chembe zake ni ndogo na zina tabia ya kung'ang'ania matofali yenyewe na kuyafurisha. Ukuta ukipata nyufa, maji yanatoka, ngozi inakauka, inakaza, inawasha. Mtoto anajikuna, na nyufa zinaongezeka. Usidhani naisingizia: madaktari wa ngozi wanapotaka kuwasha ngozi ya mtu kwa makusudi, ili kupima dawa au kuona ngozi inavyopona, kitu wanachokitumia kwa kawaida ni SLS kidogo kwenye maji, iliyofunikwa kwa plasta.

Sabuni ya kipande nayo isijione malaika. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na sabuni ya kipande ni kali upande wa magadi, kwa hiyo inauvuruga uchachu huo. Ndiyo maana uso hukaza ukioshwa kwa sabuni ya kufulia, hata kama haina salfeti hata chembe. Na ile ya unga ya nguo, tafadhali mama, isikaribie mwili wa mtoto kabisa, hata siku ambayo hakuna nyingine nyumbani. Imekolezwa magadi na vitu vingine vya kung'oa madoa ya kitambaa.

Wakemia hawakulala. Walichomeka kipande katikati ya mkia na kichwa cha SLS, chembe ikawa nene zaidi, isiyopenya ngozi kwa urahisi. Hiyo ni SLES, yenye herufi E ndani yake. Inatoa povu karibu sawa na mwenzake lakini ni pole zaidi, na siku hizi ndiyo utakayoikuta katika sabuni nyingi za maji za uso na za nywele. Pia waligundua kwamba wakiichanganya na viosheo vingine laini vitokanavyo na nazi, chembe hushikamana katika mafungu makubwa, na chache zaidi hubaki zikizurura peke yake. Hizo zinazozurura ndizo zinazouma. Kwa hiyo chupa mbili zinaweza kuandikwa salfeti zote mbili, na moja ikawa kali, nyingine pole. Katika miaka ya 1950 zilitokea pia bidhaa zisizotegemea salfeti, kama kipande cha Dove na sabuni za watoto zisizochoma macho.

Sasa nikusimulie kisa kimoja kilichotokea Uingereza, kwa kuwa kinawahusu wanaolea watoto wenye ukurutu. Kuna krimu nyeupe ya bei nafuu ambayo kwa miaka mingi wagonjwa wa ukurutu waliandikiwa hospitalini, huko Uingereza na katika nchi nyingi zilizofuata utaratibu wake wa dawa. Ndani yake mlitiwa SLS ili mafuta na maji vichanganyike. Ilikusudiwa hasa kutumika badala ya sabuni, ipakwe na kuoshwa. Lakini watu waliipaka na kuiacha mwilini, asubuhi na jioni. Mwaka 2003 madaktari walioangalia watoto wenye ukurutu waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya mara ilipopakwa, ngozi iliwasha au kuchoma. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath wakaipima kwa watu wenye ngozi nzima: baada ya wiki nne, tabaka la juu la ngozi lilikuwa limepungua unene kwa takriban sehemu moja katika kumi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikatoa tahadhari. Miaka yote hiyo mama alikuwa akimpaka mwanawe dawa kwa upendo, mtoto analia, na mama anaambiwa ukurutu ndivyo ulivyo.

Ndiyo sababu nakwambia, mtoto akilia kila unapompaka kitu fulani, mwamini. Rudi kliniki na chupa yenyewe mkononi, umwonyeshe muuguzi.

Je, saratani? Swali hilo nalo lina historia yake. Mwaka 1983 jopo la wataalamu wa Marekani wanaokagua vipodozi lilichapisha ripoti juu ya SLS. Lilisema ni salama katika bidhaa zinazotumika kwa muda mfupi na kusuuzwa vizuri, na kwamba katika bidhaa zinazoachwa mwilini kiasi chake kisizidi asilimia 1. Hayo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza kuzunguka duniani ujumbe wa barua pepe kwamba sabuni za nywele zenye SLS huleta saratani. Haukuwa na mwenyewe wala ushahidi. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba SLS inaleta saratani kwa binadamu. Siku hizi ujumbe ule ule unatembea kwenye simu, umetafsiriwa, umeongezwa chumvi. Kuwasha ni kweli. Saratani ni uvumi. Naona ubaya wa uvumi huo ni kwamba unamfanya mama aogope sabuni yote, na sabuni ya mikono imeokoa watoto wengi wasife kwa kuhara. Mwaka 2020, wakati wa korona, ni kichwa na mkia huu huu uliovunja ganda la mafuta la kirusi mikononi mwetu.

Lakini uso si mikono. Hapa nataka tuvuke mpaka twende Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, nchi kavu kama yetu, ambako maji hutembelewa. Huko trakoma, ambayo wengi wao huiita vikope, ilikuwa ikipofusha watu. Ugonjwa huo huenea kwa uchafu wa macho na makamasi, ukibebwa na nzi na vidole. Akina mama walisema hawawezi kuosha nyuso za watoto kila siku kwa kuwa maji ni machache. Wahudumu wakafanya nao majaribio mbele ya macho yao, na ikaonekana kwamba lita moja ya maji yaweza kuosha nyuso nyingi kuliko mtu anavyodhani, ukimimina kidogo kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ukaonyesha kwamba vijiji vilivyopewa dawa ya macho pamoja na kuhimizwa sana kuosha nyuso vilipunguza trakoma kali kuliko vilivyopewa dawa peke yake. Kilichotakiwa ni uso usio na makamasi wala tongo. Povu halikuwa sharti.

Basi kwa mtoto mchanga, maji safi ya vuguvugu usoni yanatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri hata kuoga kwa mara ya kwanza kungoje angalau saa 24 baada ya kuzaliwa, kwa hiyo usiharakishe kuondoa ule utando mweupe aliozaliwa nao. Ni kinga yake. Mtoto anayetambaa na anayekwenda shule, maji yanatosha siku nyingi, na sabuni pole kidogo kama uso una mafuta au uchafu wa kushika. Kijana mwenye chunusi anaweza kutumia sabuni ya maji ya uso mara mbili kwa siku, kiasi cha punje ya hindi, bila kusugua kwa dodoki. Wengi wao wanadhani chunusi ni uchafu, wanaosha mara tano, na uso unazidi kuwa mwekundu na kuuma.

Usipime usafi kwa povu. Watengenezaji wanajua tunalipenda, na wanalitia kwa sababu tunalipenda.

Na kusuuza. Hili nalisisitiza kwa sisi wa maji ya chumvi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ngozi iliyooshwa kwa maji magumu hubaki na SLS nyingi zaidi juu yake kuliko iliyooshwa kwa maji laini, na watu wenye ukurutu huumia zaidi. Yaani povu linatoka vizuri katika maji ya kisima chetu, lakini haliondoki vizuri. Mvua za Novemba zikinyesha, ukikinga maji ya mabati, weka jerikeni moja pembeni, yenye kifuniko, kwa ajili ya suuzo la mwisho la uso wa mtoto mwenye ngozi ya kuwasha. Kikombe kimoja kinatosha. Kisha mkaushe kwa kugusisha kitambaa, usifute kwa nguvu, na umpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache.

Unaponunua, geuza chupa usome nyuma. Vitu huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukiona SLS imefuata maji moja kwa moja na hakuna kiosheo kingine, hiyo ni kali kwa mtoto. Tafuta pia alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda sokoni haina cha kusomwa, basi itumie kwa sahani.

Uso ukiwa na mabaka yanayotoa maji ya manjano, au ukurutu umefika kwenye kope, au mtoto ana homa pamoja na upele, usibadilishe sabuni nyingine tena. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ubebe kila ulichompaka.

Juma lijalo tutazungumza juu ya mafuta ya kupaka na ya kupikia, na yapi yasipakwe mtoto. Kwa leo, kwaherini.